Sola ya Nyumbani Kitale na Bungoma: Hesabu Ianze na Julai

Mtu wa Lodwar hana haja ya kuuliza kama jua litamtosha. Anayeuliza ni mkazi wa Endebess, Kapsokwony au Chwele, ambaye kuanzia Aprili hadi Oktoba huyaona mawingu yakijikusanya juu ya Mlima Elgon, ule ambao Wabukusu huuita Masaba, na kufikia saa tisa alasiri anga imefunga na mvua inagonga mabati. Je, paneli ya sola katika nchi kama hii italeta stima ya maana, au hiyo ni mali ya watu wa ukame? Muuzaji atakwambia sola inafanya kazi hata kukiwa na mawingu. Jirani aliyenunua Januari akabaki gizani Agosti atakwambia sola ni ulaghai. Wote wawili wanasema walichokiona, ila mmoja anasimulia Januari na mwingine Agosti.

Tuanze na jua lenyewe. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, nyuzi moja hivi kaskazini mwa ikweta. Mji wa Bungoma uko chini zaidi, kama mita 1,400, na joto lake limezidi kidogo. Wataalamu hupima jua kwa kilowati-saa zinazoangukia kila mita mraba kwa siku, na sehemu kubwa ya Kenya hupata kati ya 4 na 6. Kitale, pamoja na mvua zake zote, wastani wake wa mwaka unapita 5. Januari na Februari, mahindi yakiwa yameshavunwa na vumbi limetanda barabarani, kiwango hupanda juu ya 6. Julai hushuka karibu na 5. Ujerumani, nchi iliyokwisha kufunga paneli za zaidi ya gigawati 100, hupata wastani wa kama 3, na Desemba haifikishi hata 1. Kilowati moja ya paneli juu ya paa la Mjerumani hutoa takriban uniti 1,000 kwa mwaka. Ukiileta Kiminini au Kanduyi itatoa zaidi ya 1,500.

Kwa hiyo madai kwamba huku kuna mawingu mno kwa sola hayana msingi. Lakini mfano wa Ujerumani, ambao wauzaji wanaupenda sana, unaficha jambo. Mjerumani hategemei paa lake usiku wa Desemba. Ameunganishwa na gridi, na jua likikosa kuna mitambo ya upepo, gesi na makaa ya mawe inayomwashia taa. Familia ya Saboti ambayo nguzo ya stima haijaifikia haina pa kukopa. Wastani wa mwaka hauiwashii taa. Kinachoiwashia ni jua la leo, la jana na la juzi, na kile kilichobaki ndani ya betri. Ndiyo maana nashikilia kwamba mtu wa nyanda hizi asinunue sola kwa kupima mwaka mzima. Apime Julai na Agosti, na katika hiyo apime ile wiki mbaya kabisa.

Wingu halizimi paneli. Paneli hupokea mwanga wa jua la moja kwa moja na pia ule uliotawanywa na anga, na wingu jepesi hupunguza kiasi tu. Wingu zito la mvua ni habari nyingine: paneli iliyoandikwa wati 100 mgongoni inaweza kubaki ikitoa wati 10, 20 au 25. Hata hivyo mawingu ya magharibi mwa Kenya yana saa zake. Unyevu hutoka upande wa Ziwa Viktoria, ardhi hupata joto asubuhi, hewa hupanda kwenye miteremko ya Elgon na Cherang'any, na radi huanza baada ya chakula cha mchana. Siku nyingi za msimu wa mvua, saa za kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana huwa na jua la kuridhisha. Linganisha na Limuru au Nairobi mwezi huohuo wa Julai, ambako ukungu wa kijivu hukaa juu ya paa asubuhi nzima na pengine hadi jioni. Mtu wa Limuru ndiye mwenye haki ya kulalamika.

Kutokana na hilo hutoka ushauri ambao mafundi wengi hawautoi: kama nyumba ina paa lenye pande mbili, mmoja ukitazama mashariki na mwingine magharibi, paneli ziwekwe mashariki. Upande wa magharibi husubiri jua la alasiri, na alasiri ndiyo wakati wa mvua. Kuna na la pili. Vitabu vingi vya sola viliandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani, ambako paneli hutazama kusini. Huku kwetu, kuanzia mwisho wa Machi hadi karibu tarehe 20 Septemba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na miezi hiyo ndiyo karibu yote ya mawingu. Paneli ikiinamishwa nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini au kaskazini-mashariki, itaongeza asilimia chache katika msimu ule ambao kila wati inahitajika, na mteremko huo unatosha mvua kuosha vumbi. Tusizidishe lakini: karibu na ikweta, kosa la mwelekeo kwenye paa la mteremko mdogo halimuui mtu. Kinachoua ni mti. Kivuli cha mkaratusi au mparachichi kikiangukia pembe moja ya paneli asubuhi kinaweza kuivuta chini paneli nzima, kwa sababu seli zake zimeungwa kwa mfululizo. Nyumba nyingi za Trans Nzoia zimezungukwa na miti iliyopandwa kukinga upepo. Kabla ya kuongeza paneli ya pili, chukua panga.

Baridi nayo ni rafiki, ingawa watu hudhani kinyume. Uwezo ulioandikwa kwenye paneli hupimwa seli zikiwa na joto la nyuzi 25, na kila nyuzi inayozidi hapo hupunguza takriban asilimia 0.35 hadi 0.4. Juu ya bati la Lodwar seli zinaweza kufika nyuzi 65, yaani hasara ya karibu asilimia 15. Kitale, hewa ya mchana ikiwa nyuzi 25 au chini yake, hasara hiyo hupungua sana. Jua la Turkana ni kali zaidi, lakini sehemu yake hupotea kwa joto. Mombasa hupata hasara hiyohiyo ya joto, na juu yake chumvi ya baharini inayokula vyuma.

Wala sola ya nyumbani nchini haikuzaliwa jangwani. Mwaka 1984, katika Shule ya Upili ya Karamugi huko Meru, Mmarekani Harold Burris na mwalimu wa kujitolea Mark Hankins walifunga taa za sola, kisha mafundi wa eneo wakafunzwa kazi hiyo. Biashara ilienea kwanza kwenye miteremko ya Mlima Kenya, nchi ya kahawa na chai, yenye baridi na mawingu mengi. Ilienea huko kwa sababu wakulima wa kahawa na walimu walikuwa na fedha taslimu na walitaka televisheni. Serikali haikuwapa ruzuku. Tangu mwanzo, mahali sola ilipokwenda paliamuliwa na mfuko kuliko anga. Hilo tutalirudia, kwa sababu Kitale na Bungoma mfuko una msimu wake pia.

Sasa hesabu. Chukua nyumba ya kawaida isiyo na stima: taa tano za LED zinazowaka saa nne au tano, televisheni ndogo ya wati 40 kwa saa nne, simu tatu, redio. Jumla yake ni kama wati-saa 350 kwa siku. Julai yenye jua la saa tano kamili kwa siku, ukitoa hasara za nyaya, vumbi na betri, paneli ya wati 100 hadi 120 inatosha. Kwa wastani, yaani. Katika wiki mbaya, ambapo siku tatu mfululizo hutoa jua lisilozidi saa mbili, nyumba hiyohiyo inataka paneli ya wati 250 au zaidi. Mwenye wati 100 atakula akiba ya betri siku ya kwanza, ya pili atawasha taa moja, na ya tatu atatafuta koroboi.

Mafundi wa zamani walifunzwa kubana paneli kwa sababu paneli ndiyo iliyokuwa ghali kuliko vyote. Wakati huo umepita. Tangu mwaka 2010 bei ya paneli duniani imeshuka kwa takriban asilimia 90, na leo katika mfumo mdogo wa nyumbani kinachouma ni betri. Hata hivyo tabia haijabadilika: bado utauziwa paneli ndogo na betri kubwa, kana kwamba betri inatengeneza umeme. Nchi yenye mawingu hutaka kinyume chake, paneli ya ziada ili asubuhi fupi yenye jua ijaze betri kabla radi haijaanza.

Betri ndiyo mahali ambapo sola ya magharibi mwa Kenya hufia, na inafaa kueleza inavyokufa. Betri ya risasi na asidi hutaka kujazwa hadi juu mara kwa mara. Ikikaa wiki kadhaa nusu tupu, chumvi ya salfeti huganda kwenye bamba zake za risasi na uwezo wake hupungua, na haurudi. Kwa hiyo betri iliyonunuliwa Januari inafanya kazi vizuri Februari, inavumilia Mei, inaishi bila kujaa Julai yote, na Septemba jua likirudi yenyewe imekwisha. Mwenye nyumba hulaumu mawingu. Mbaya zaidi ni betri ya gari iliyowekwa kazi ya sola. Ile imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, wala si kumimina taratibu usiku kucha. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma hustahimili kukaa nusu, na hukuruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi ya kilichomo, wakati ile ya risasi ukipita nusu unaiumiza. Bei yake ya kununulia ni kubwa zaidi. Kwa Turkana ningesema mtu achague kulingana na mfuko wake. Kwa Kitale na Bungoma sioni hoja nzuri ya kununua betri ya risasi, ila kama fedha hakuna kabisa.

Radi inastahili neno lake. Magharibi mwa Kenya, Bungoma na Kakamega zikiwemo, ni miongoni mwa sehemu za nchi zinazopigwa radi sana. Waya unaotoka juu ya bati hadi sebuleni bila kuunganishwa na ardhi ni mwaliko. Waya wa ardhini na kinga ya mawimbi ya umeme ni gharama ndogo, na ndizo za kwanza kuondolewa fundi anapoambiwa apunguze bei. Sheria inamtaka anayefunga sola awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Muombe akuonyeshe.

Hadi hapa nimezungumzia nyumba isiyo na stima. Nyumba iliyo na stima ni suala tofauti, na hapa wauzaji hawatapenda ninachosema. Mradi wa Last Mile ulioanza mwaka 2015 ulishusha ada ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 na kuwafikia wengi vijijini. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta asilimia 50.4 ya kaya nchini zikimulika kwa stima ya gridi na asilimia 19.3 kwa sola. Tuseme mwalimu anayeishi Milimani, Kitale, hununua tokeni za uniti 40 kwa mwezi. Ukikadiria shilingi 25 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, ni shilingi 1,000. Mfumo wa sola wenye betri wa shilingi 100,000 utachukua zaidi ya miaka minane kujilipa, hata kama ungefuta bili yote, na hautafuta. Ndani ya miaka minane huenda betri imebadilishwa. Kama lengo lake ni kuokoa pesa, abaki na tokeni zake.

Akinunua kwa sababu stima hupotea, hapo tunaelewana. Kuzimika kwa nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, kisha tena Novemba na Desemba mwaka huohuo, kulionyesha gridi yetu ilivyo dhaifu, na nchi bado huagiza umeme wa Uganda kupitia Tororo. Mwenye friji ya dawa za mifugo, kinyozi, mwenye vifaranga wanaohitaji joto, hawa hawahesabu kwa uniti. Wanahesabu kwa hasara ya saa moja bila stima. Kwao betri ndogo na paneli mbili ni bima.

Kuna wa tatu: mwenye kutumia stima nyingi mchana. Kanuni za mwaka 2024, zilizotokana na Sheria ya Nishati ya 2019, zinamruhusu mteja wa Kenya Power kufunga sola isiyozidi megawati moja na kuingiza ziada kwenye gridi, akirudishiwa nusu ya uniti alizoingiza. Nusu ni malipo ya kubana, na kwa nyumba ambayo watu wako kazini na shuleni kutwa hayana faida kubwa. Lakini shule ya bweni, kliniki, mwenye kinu cha kusaga au kituo cha kupoza maziwa hutumia umeme saa zilezile paneli zinapotoa, bila betri yoyote. Kama kuna mahali sola inalipa haraka katika kaunti hizi mbili, ni juu ya mapaa hayo. Pampu ya maji nayo ina bahati ya pekee: huhitajika Desemba hadi Machi, mvua zikiwa zimekwenda na jua liko juu ya 6, na Julai mwenye shamba hana haja nayo.

Mambo ambayo sola ndogo haiwezi ni heri yasemwe bila haya. Shawa ya umeme hula wati 4,000 au zaidi. Birika hula 2,000. Pasi hula 1,000. Kupika kwa sola nyumbani bado ni kazi ya mfumo mkubwa ambao mkulima wa ekari mbili hana sababu ya kuununua, wakati gesi na kuni zipo.

Turudi kwenye mfuko. Kampuni ya sola ya M-KOPA, iliyoingia sokoni mwaka 2012 ikitumia M-PESA, ilifungua mlango kwa kianzio kidogo na malipo ya shilingi 40, baadaye 50, kwa siku. Usipolipa, kifaa hujifunga. Mfumo huu wa lipa mdogo mdogo uliwafaa sana watu wenye kipato cha kila siku: mwenye bodaboda, mama wa sokoni. Mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia hana kipato cha kila siku. Hupanda Machi na Aprili, huvuna kuanzia Oktoba, na fedha za mavuno huliwa na karo ya Januari na mbolea ya Machi. Ifikapo Julai ghala ni tupu, mahindi yapo shambani yakiwa mabichi, na gorogoro sokoni imepanda bei. Huo ndio mwezi ambao jua nalo limepungua na betri haijai. Malipo yanachelewa, kifaa kinafungwa, na hata jua likitoka asubuhi halimsaidii. Upande wa Bungoma, mwenye miwa anasubiri mwaka mmoja na nusu kuivuna, kisha anasubiri malipo, na hadithi ya malipo ya miwa kuchelewa inajulikana hadi kwa watoto.

Serikali haijaliona jambo hili kwa macho hayo. Mradi wa sola wa KOSAP, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, ulichagua kaunti 14 zilizosahauliwa, zikiwemo Turkana na Pokot Magharibi, jirani wa Trans Nzoia. Sipingi, wale wanastahili. Lakini familia ya Endebess iliyo mbali na nguzo haimo kwenye orodha kwa sababu kaunti yake huhesabiwa kuwa tajiri wa mahindi. Kodi nayo imeyumba: Sheria ya Fedha ya 2020 iliondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola, na ya 2021 ikaurudisha. Mtu hawezi kupanga ununuzi wa miaka mitano katika nchi inayobadilisha kodi ndani ya miezi 12.

Hata hivyo kuna zao moja ambalo kalenda yake hukamilisha upungufu wa jua, nalo ni maziwa. Mvua zikinyesha majani hujaa, ng'ombe hukamuliwa zaidi, na Julai ndipo chama cha ushirika hupokea mitungi mingi. Mfugaji hulipwa kila mwezi, na vyama vingi tayari hukata fedha za chakula cha mifugo na dawa moja kwa moja kwenye malipo. Sola ikiingizwa kwenye makato hayo, mkopo unalipwa na miezi ileile ambayo mahindi hayawezi kulipa. Chama kikinunua kwa wingi kinaweza pia kumkagua muuzaji, jambo ambalo mteja mmoja mmoja hana nguvu nalo, na kudai mkataba unaosema wazi mfumo utatoa wati-saa ngapi mwezi wa Julai. Ikiwa wewe ni mwanachama wa ushirika wa maziwa Kitale, Kiminini au Kimilili, lipeleke ombi hilo kwenye mkutano mkuu ujao, na usikubali makadirio yoyote yanayotaja wastani wa mwaka peke yake.